Magonjwa ya akili: maswali ambayo ndugu wa wagonjwa hutuuliza, na majibu yake

Haya ndiyo maswali yanayorudiwa kila siku kwenye benchi la kliniki ya afya ya akili, mengine kwa sauti, mengine kwa kunong'ona baada ya mgonjwa kutoka nje. Majibu yanahusu zaidi Tanzania, na Kenya pale ambapo sheria au huduma zinatofautiana.

Si kila mtu ana mawazo? Lini inakuwa ugonjwa?

Kila mtu ana mawazo, ndiyo. Ukifiwa utalia, usingizi utakupaa na chakula hakitapita. Ukidaiwa kodi ya nyumba na ada ya shule kwa mwezi mmoja, utawafokea watoto bila kosa. Hayo ni maisha. Tunaanza kuzungumzia ugonjwa pale dalili zinapodumu, zinapomtesa mwenyewe au wanaoishi naye, na zinapovuruga kazi zake. Kwa sonona (kwa Kiingereza, depression), kwa mfano, tunataka kusikia angalau wiki mbili za huzuni au kukosa raha karibu kila siku, pamoja na mambo kama uchovu, usingizi kuvurugika, kujiona huna thamani. Fundi cherehani aliyekuwa anamaliza sare za shule kabla ya Januari, na sasa vitambaa vya watu vimerundikana miezi miwili na anakwepa simu za wateja, huyo si mvivu. Aonwe.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa anaishi na tatizo la afya ya akili. Sehemu kubwa ni ugonjwa wa wasiwasi na sonona. Skizofrenia, ambayo ndiyo watu wengi huita kichaa, humpata takriban mtu 1 kati ya 300. Kwa hiyo yule mnayemwona stendi akiokota makopo si picha ya wagonjwa wetu. Wagonjwa wetu wengi wanaamka, wanavaa sare na wanaenda kazini.

Mbona daktari amemwandikia dawa bila kumpima?

Amempima. Ila ndugu wengi wamezoea kwamba kupimwa ni kutobolewa kidole au kuingizwa kwenye mashine, wakimwona daktari anaongea tu nusu saa wanadhani ameruka hatua. Katika magonjwa ya akili kipimo kikuu ni maelezo. Hakuna damu, mkojo wala picha ya kichwa inayoweza kusema "hii ni skizofrenia" au "hii ni sonona". Haipo Dodoma, haipo Nairobi, na haipo India pia. Nalisema hili kwa sababu kuna familia zinauza shamba kwenda kutafuta kipimo ambacho hakuna nchi inacho.

Kinachofanyika chumbani ni hiki. Kwanza historia: lini ilianza, ilianza ghafla au polepole, kabla ya hapo alikuwa mtu wa namna gani, amewahi kuugua hivi, nani mwingine katika ukoo, anatumia nini. Pili, uchunguzi wa hali ya akili, ambao huanza kabla mgonjwa hajakaa kitini. Amevaaje? Ananuka jasho la siku ngapi? Anatazama machoni au anaangalia kona ya dari kana kwamba kuna mtu pale? Anaongea haraka kiasi kwamba huwezi kuingiza neno, au kila jibu linakuja baada ya kimya kirefu? Huzuni yake inalingana na anachokisimulia, au anacheka akielezea msiba?

Kisha yanakuja maswali ambayo ndugu huona kama dharau. Leo ni siku gani? Hapa ni wapi? Rais ni nani? Vitabu vinasema umwambie atoe 7 kwenye 100, aendelee kutoa hivyo hivyo kushuka chini. Kwa mtu ambaye hakukaa shule hilo si kipimo cha akili, ni kipimo cha shule. Mtu aliyezoea wagonjwa wetu ataliweka dukani: umetoka na elfu tano, umenunua sukari ya elfu tatu na chumvi ya mia tano, unarudi na chenji gani? Muuza genge ambaye hajui kusoma atakujibu kabla hujamaliza, na akishindwa, hapo kuna jambo.

Halafu methali. "Haraka haraka haina baraka, maana yake nini?" Mtu ambaye fikra zake zimetulia atakwambia usifanye mambo kwa pupa. Mwingine atasema, "Usikimbie barabarani, utagongwa," na ukimpa nyingine tatu anazijibu vivyo hivyo, neno kwa neno. Mwingine ataanza kueleza kwamba baraka ni jina la jirani anayemrushia mionzi usiku. Hakuna jibu moja linaloamua lolote. Mtaalamu anayaweka yote pamoja na maelezo ya familia, ndipo anaandika anachokiona kwenye faili. Kwa kuupa ugonjwa jina, wengi wanafuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaoitwa ICD, ambao toleo lake la 11 lilianza kutumika Januari 2022. Wamarekani wana wao, DSM.

Sasa damu aliyotolewa ilikuwa ya nini?

Ya kutafuta vitu vingine vinavyojifanya ugonjwa wa akili. Malaria kali inayopanda kichwani, sukari iliyoshuka, maambukizi ya mkojo kwa mzee, kaswende ya muda mrefu, VVU, tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi: vyote vinaweza kumfanya mtu aongee ovyo, aone visivyoonekana au azubae. Kuna na dawa pia. Efavirenzi, iliyotumika sana kwa watu wenye VVU kabla ya dolutegravi kushika nafasi yake, iliwaletea baadhi yao ndoto za kutisha na hata kuchanganyikiwa.

Kanuni moja inafaa kujulikana na kila nyumba: mtu aliyekuwa mzima jana na leo amechanganyikiwa, hasa akiwa na homa, hajui alipo, au anatulia asubuhi na kuvurugika jioni, huyo apelekwe hospitali ya kawaida haraka, usiku huo huo. Asisubiri siku ya kliniki ya akili. Asisubiri mganga.

Yale maswali tisa ya kuweka alama yanaamua kama nina sonona?

Hapana. Hiyo ni PHQ-9, inauliza kuhusu wiki mbili zilizopita, na jumla yake inakwenda hadi 27. Alama 10 na kuendelea zinatuambia tukae na huyu mtu tumsikilize vizuri. Mtu mwenye kifua kikuu anaweza kupata alama za juu kwa uchovu, kukosa usingizi na kukosa hamu ya kula, bila sonona yoyote. Na mwanamume aliyelelewa kuamini kwamba kulia ni aibu ataweka sifuri kwenye huzuni, halafu akwambie mgongo unamuuma, kichwa kinamwaka moto, na moyo unakwenda mbio. Tunaomba mgonjwa asomewe maswali na mtu, asipewe karatasi na kalamu akaachwa kwenye korido.

Siku ya kwanza tuje na nini?

Njooni na mtu anayeishi naye. Si mjomba mwenye gari ambaye hajamwona tangu Krismasi. Tunamhitaji yule anayelala chumba cha pili na kusikia anavyotembea usiku.

Njooni na dawa zote alizotumia, na kama vidonge vimekwisha, njooni na makasha, pamoja na za mitishamba. Daftari la hospitali ya awali hata kama limelowa. Na kabla hamjatoka nyumbani, kaeni chini muandike mfuatano wa mambo: aliacha shule lini, aliacha kuoga lini, alianza lini kufunga madirisha kwa magazeti, usingizi uliharibika kabla au baada ya hapo. Mkisema tu "ameanza fujo wiki iliyopita" tutaishughulikia fujo ya wiki iliyopita. Mkisema "miaka miwili sasa amekuwa anajitenga, na fujo ni ya wiki iliyopita", hiyo ni habari nyingine kabisa, na pengine ni dawa nyingine. Picha au video fupi ya simu wakati amezidiwa husaidia, mradi isizunguke kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo.

Mtaombwa pia mtoke nje kidogo ili mgonjwa azungumze peke yake. Msikasirike. Kuna mambo ambayo binti hawezi kuyasema mbele ya baba yake.

Daktari wa kwanza kasema sonona, wa pili kasema bipola. Nani kakosea?

Huenda hakuna aliyekosea. Mtu mwenye bipola, ugonjwa wa hisia zinazopanda mno na kushuka mno, anapokuwa chini anafanana kabisa na mwenye sonona. Kinachotofautisha ni kile kipindi cha juu kilichopita: wiki ambayo hakulala na hakuchoka, aliongea kama redio, aligawa pesa, alianza miradi mitano, alikopa, pengine alijitangaza nabii. Familia isipokitaja kipindi hicho, daktari hana namna ya kukijua. Na wengi hawakitaji kwa sababu walikiona kuwa neema: "wakati ule alikuwa na bidii sana."

Tofauti hiyo si ya kwenye karatasi tu. Mwenye bipola akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kurushwa juu. Mara nyingi jina la ugonjwa linatulia baada ya kumwona mtu kwa miezi, wakati mwingine miaka.

Je, kama ni majini au amerogwa?

Kuamini majini si dalili ya ugonjwa. Mtaa mzima unaamini, na mtaalamu anayecheka imani ya mgonjwa wake hatamwona tena. Tunachokitafuta ni ile imani ambayo hata mama yake na shehe wake wanaishangaa. Kijana akisema jini limemgusa, familia inaelewa anachosema. Akisema jini limewekwa ndani ya jino lake na kampuni ya simu, na linatoa taarifa zake kwa majirani, hapo mzee wa kisomo mwenyewe atawaambia mmpeleke hospitali. Na wapo wanaofanya hivyo; baadhi ya wagonjwa wetu wameletwa na mashehe na wachungaji.

Wanafunzi wa bweni wanapoanguka mmoja baada ya mwingine na kupiga kelele, kwa kawaida si wazimu na si kifafa. Ni msongo uliokosa njia ya kutoka, na unaambukiza kwa kuonekana. Watenganisheni kwa utulivu, waondoeni watazamaji, na muulize nini kinaendelea pale shuleni.

Kisomo na maombi havigombani na tiba. Tunaomba mambo matatu tu: dawa isikatishwe, mgonjwa asipigwe wala kufungwa wala kunyimwa chakula, na asinyweshwe kitu ambacho hakuna anayejua kina nini ndani. Mkishakubaliana hayo, endeleeni na kombe au mkesha wenu.

Ilianza alipoanza kuvuta bangi. Akiacha si itaisha?

Kwa wengine ndiyo: wanatulia siku au wiki chache baada ya kuacha. Kwa wengine bangi ilikuwa cheche, hasa waliovuta sana wakiwa wadogo na wenye ugonjwa katika ukoo, na ugonjwa unabaki hata baada ya kuacha. Mirungi nayo, ikitafunwa mfululizo bila kulala, inaweza kuleta shuku na kusikia sauti zisizokuwepo. Huwezi kutofautisha siku ya kwanza. Tunatibu, tunamweka mbali na kitu hicho, tunaangalia.

Pombe ina hatari yake ya pekee, nayo iko kwenye kuacha ghafla. Mlevi wa kila siku akifungiwa ndani "ili aache", kuanzia siku ya kwanza hadi ya tatu anaweza kutetemeka, kuona wadudu ukutani, kupata degedege, na akafa. Hiyo ni dharura ya hospitali. Kwa heroini, hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua mwaka 2011 kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, na nyingine zimefuata mikoani.

Dawa za akili zinalevya? Atazinywa mpaka lini?

Zinazolevya ni chache, na kinara ni diazepamu na ndugu zake, zile ambazo watu hununua duka la dawa "kwa ajili ya usingizi". Hizo ni za siku chache au wiki chache. Haloperidoli, klopromazini, risperidoni, olanzapini, fluoksetini, amitriptilini, hizi hazimfanyi mtu atamani kuongeza. Lakini kuziacha kwa mkupuo kunaweza kuleta kizunguzungu, kichefuchefu na kukosa usingizi, na ndio maana tunazipunguza taratibu.

Fluoksetini na wenzake, yaani dawa za sonona, hawafanyi kazi usiku mmoja. Wiki ya kwanza unaweza kupata tumbo kuvurugika na wasiwasi kidogo, nafuu ikaanza wiki ya pili hadi ya nne. Hapa ndipo tunapowapoteza watu wengi: wanapata maudhi kabla ya faida, wanasema dawa imewakataa. Na wengine tunawapoteza upande wa pili, wanapopata nafuu mwezi wa pili na kuacha. Kwa sonona ya mara ya kwanza, dawa huendelea angalau miezi 6 hadi 9 baada ya kupona. Kwa skizofrenia na bipola ni miaka, na kwa wengi ni maisha, kama ilivyo kwa presha na kisukari.

Lithiamu ninaisemea peke yake. Ni dawa nzuri mno kwa bipola, lakini nafasi kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru ni nyembamba, hivyo lazima kiwango chake kwenye damu kipimwe, pamoja na figo na tezi. Kama hospitali haina kipimo hicho, ulizeni dawa mbadala. Anayeitumia anywe maji ya kutosha, asiache chumvi ghafla, na akiharisha au kutapika arudi haraka. Na ile diklofenaki au ibuprofeni ya kujinunulia kwa maumivu ya mgongo hupandisha lithiamu kwenye damu. Mwenye duka hawezi kujua asipoambiwa.

Shingo imepinda na macho yameganda juu baada ya sindano. Wamemuua?

Hapana, ila mrudisheni sasa hivi. Ni maudhi ya haloperidoli na dawa za jamii yake, huwapata zaidi vijana wa kiume katika siku za mwanzo, na yanatisha kuyaona: shingo inakakamaa, taya linajifunga, ulimi unatoka. Sindano ya dawa ya kulegeza huyaondoa ndani ya dakika chache. Baada ya hapo daktari atapunguza dozi, atabadili dawa au ataongeza benzheksoli, ambayo wengi wanaijua kama Artane. Hiyo Artane muitunze wenyewe. Mitaani inauzwa kwa wanaotafuta kulewa.

Maudhi mengine hayana kishindo lakini ndiyo yanayowafanya wagonjwa watupe vidonge: mwili kutetemeka, miguu kushindwa kutulia, mate, kunenepa, mwanamke kukosa hedhi, mwanamume kushindwa tendo la ndoa. Mgonjwa hasemi la mwisho mpaka aulizwe, na mara nyingi hatuulizi. Kama ni wewe, liseme. Kuna dawa nyingine, kuna dozi nyingine.

Anaficha vidonge chini ya ulimi. Tufanyeje?

Kabla ya kumkaba, muulizeni kwa nini hazitaki. Huenda jibu liko hapo juu. Kama ni kusahau au kuchoka kumeza kila siku, ipo sindano ya kuchoma kila baada ya wiki 2 hadi 4, kama flufenazini dekanoeti. Kumtilia dawa kwenye uji kwa siri tunawasihi msifanye. Siku akigundua, hatakula tena chochote chenu, na kama tayari anaamini mnamwekea sumu, mtakuwa mmemthibitishia.

Na ile shoti ya umeme?

Ipo, na si ya kuadhibu mtu. Ikifanywa inavyotakiwa mgonjwa analazwa usingizi wa ganzi, misuli inalegezwa, na ubongo unapitishiwa umeme kwa sekunde chache. Inasaidia sonona kali ya mtu ambaye haongei, hali, hanywi. Baadhi hupoteza kumbukumbu za siku za karibuni. Ulizeni swali moja: atapewa ganzi? Jibu likiwa hapana, kataeni.

Ushauri nasaha si maneno tu?

Ni maneno, na yana nguvu. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe alianza kuwafundisha akina bibi wa mitaa ya Harare kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza na kuwasaidia kuchagua tatizo moja na kulipangia hatua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na bibi walipungukiwa na dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Zanzibar nayo imelichukua benchi hilo. Kwa sonona ya kawaida na wasiwasi, mazungumzo yenye mpangilio yanaweza kutosha bila kidonge. Kwa skizofrenia hayatoshi peke yake.

Ila mshauri anayekwambia "samehe, sahau, mtegemee Mungu" kisha anatazama saa, huyo amekupa nasaha, hajakupa tiba. Tiba ina idadi ya vikao, ina lengo, na ina kazi ya kufanya nyumbani.

Amejifungua wiki moja iliyopita na sasa halali, anasema mtoto si wake.

Leo hii hospitali. Msimwache peke yake na mtoto, na msimnyang'anye mtoto kwa kelele; mtu mmoja mtulivu awe nao wote wawili. Hali hii ni nadra, hupata mama 1 au 2 katika kila 1,000, inatibika vizuri, na inaweza kuwa ya hatari ndani ya saa chache. Ni tofauti na sonona ya uzazi, ambayo huja polepole na huwapata wengi zaidi. Kwa mjamzito, asiache dawa kwa kujiamulia, aje tupange. Valproeti, dawa ya bipola na kifafa, ndiyo tunayoiogopa zaidi kwa mtoto tumboni, na msichana anayeitumia anapaswa kuambiwa hilo kabla hajabeba mimba.

Anasema heri afe. Tukimuuliza si tutampa wazo?

Hamtampa. Muulizeni waziwazi, kwa upole: "Umefikiria kujiua?" Wengi huhema kwa nafuu kwamba mtu amethubutu kuuliza. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, ondoeni nyumbani sumu za shambani na dawa zote ziwe mikononi mwa mtu mwingine, na mpelekeni kituo chochote cha afya. Kenya ipo namba 1199 ya Msalaba Mwekundu, bila malipo. Kwa watoto, namba 116 inafanya kazi Tanzania na Kenya.

Tanzania, Kanuni ya Adhabu inalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa, na hofu hiyo inawafanya ndugu kuficha. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo, namba 226, kinapingana na Katiba. Kwa daktari, aliyejaribu kujiua ni mgonjwa. Semeni ukweli, maana anayedanganywa kuhusu alichokunywa mgonjwa atashindwa kumtibu.

Hataki kabisa kwenda. Tumfunge kamba?

Anzeni na kile kinachomsumbua yeye. Haamini anaumwa, lakini anajua halali. "Twende tukatafute dawa ya usingizi" ni kweli, na mara nyingi inatosha. Mtafuteni mtu anayemheshimu: rafiki, mwalimu wake wa zamani, shangazi. Akiwa hatari kwake au kwa wengine, Sheria ya Afya ya Akili ya Tanzania ya mwaka 2008 inaruhusu alazwe bila ridhaa yake kwa utaratibu uliowekwa, na polisi wanaweza kusaidia. Mnyororo nyuma ya nyumba si utaratibu. Tumewapokea watu wenye vidonda vya miaka kwenye vifundo vya miguu, na kidonda kilichukua muda mrefu kupona kuliko ule ugonjwa.

Twende wapi, na gharama ikoje?

Anzeni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, mpate rufaa. Tabibu wa kawaida anaweza kuanzisha dawa nyingi. Hospitali za rufaa za mikoa zina kliniki. Juu yake kuna Mirembe pale Dodoma, pamoja na Isanga kwa wanaoletwa na mahakama, na kuna Muhimbili, Bugando kule Mwanza, KCMC kule Moshi, Lutindi kule Korogwe na Kidongo Chekundu Unguja. Kenya kuna Mathari, iliyoanza mwaka 1910, na vitengo katika hospitali za kaunti. Kwa sera ya Tanzania magonjwa ya akili ni miongoni mwa yale yenye msamaha wa malipo katika vituo vya serikali. Kwa vitendo, dirishani mnaweza kuambiwa dawa imekwisha mkanunue nje. Ombeni muonane na afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hamjaondoka; watu wengi hawajui kwamba ofisi hiyo ipo.

Watoto wake wataurithi? Anaweza kuoa?

Mtoto wa mzazi mmoja mwenye skizofrenia ana uwezekano wa takriban 1 kati ya 10. Maana yake 9 hawaupati. Kuoa anaweza. Kumficha mchumba ndiko kunakovunja ndoa, siku kasha la vidonge linapoonekana mvunguni.

Alikuwa na bipola, aligawa akiba yote ya duka. Sasa ametulia. Tumrudishie simu na pesa?

Ndiyo, kwa hatua, na kwa makubaliano yaliyofanywa naye akiwa mzima. Kaeni naye muandike dalili zake za mwanzo kwa maneno yake mwenyewe. Mgonjwa wetu mmoja aliandika: "Nikianza kupika usiku na kuwapigia watu simu saa nane, nipelekeni." Andikeni nani atashika kadi ya benki na PIN ya simu dalili hizo zikionekana, na kwa muda gani. Andikeni hospitali anayoitaka na dawa iliyomsaidia mara ya mwisho, na ile iliyomkakamaza shingo. Nakala moja ikae kwake, moja kwa mtu aliyemchagua yeye, na moja muilete tuibandike ndani ya jalada la faili lake.